Bi Zuura na Kilemba Kilicholala Chini

Paukwa!

Mbona ameitika mmoja tu? Na wewe unayetafuna, meza kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo kale, kale ile ya mbali, kabla bibi yake bibi yangu hajaota jino, ilikuwako nchi ya milima mirefu. Mirefu hasa. Theluji inakaa juu mwaka mzima, jua linaiwakia, nayo haijali, imekaa tu kama mgeni asiyeaga. Huko waliishi Wakirigizi, watu wa farasi na kondoo. Nyumba zao hazikuwa za udongo wala za makuti. Zilikuwa mahema ya duara, yamefunikwa manyoya ya kondoo yaliyopigwapigwa mpaka yakawa mazito kama blanketi. Majani yakiisha hapa, wanabomoa, wanapakia, hao! Kwatu kwatu kwatu, mpaka bonde jingine.

Na wanawake wao! Msiniulize. Walivaa vilemba. Si vile vya kujitupia kichwani mtu akikimbilia chumvi kwa jirani. Elecheki, ndivyo walivyoviita. Bafta nyeupe, safi, inazungushwa juu ya kofia ndogo, mzunguko juu ya mzunguko, zungu, zungu, kaza, zungu, zungu, kaza, mpaka kichwa kinakuwa kama mwezi ulioshiba. Maskini, dhiraa kumi na mbili. Mwenye nafasi yake, dhiraa ishirini. Mke wa mkubwa sasa, huyo akifika mlangoni anaingia kwa kuinama kama anatafuta sindano.

Msichana alivaa kofia. Siku ya kuolewa ndipo kofia inavuliwa na kilemba kinafungwa. Kikishafungwa, basi. Kuchota maji, na kilemba. Kukamua farasi, na kilemba. Mwanamke akizaa safarini, kipande cha kilemba ndiyo nguo ya kwanza ya mtoto. Akifa safarini, kilemba ndiyo sanda. Kila mmoja anatembea na sanda yake kichwani, na bado anacheka, anapika, anasengenya. Hao ni wanawake.

Kwa hiyo kilemba kuwekwa chini, juu ya udongo, lilikuwa jambo zito. Walisema kilemba kikilala chini, nyumba nayo italala chini. Ndivyo walivyoamini, na mimi simo.

Basi katika kambi moja alikuwako ajuza, jina lake Bi Zuura. Mfupi, amekunjamana, meno mawili, moja juu moja chini, na hayakutani. Kazi yake ilikuwa kufunga vilemba. Bibi arusi akija, Bi Zuura ndiye anayemfunga kilemba cha kwanza, na kuanzia siku hiyo anakuwa somo wake, mama yake wa pili, mpaka kufa. Anazunguka naye, anaimba kwa sauti ya kukwaruza:

Zunguka, mwanangu, zunguka,
jua lizunguke mlima.
Kaza, mwanangu, kaza,
kilemba kisikudondoke.

Tena alikuwa mmbeya, Bi Zuura huyo. Loo! Nani kapika nini, nani kanuna, farasi wa nani kazaa kabla ya wakati, yote anayo. Ila jambo moja hakulitoa. Yaliyo chini ya vilemba. Miaka sitini ameona vichwa vya wanawake wa kambi nzima, makovu, chawa, mvi za mapema, na hakuna aliyewahi kusikia neno. Ukimuuliza, anaonyesha lile jino la chini, anacheka, anakwambia habari za mtu mwingine kabisa.

Mkubwa wa kambi alikuwa Mzee Beknazar. Ndevu mpaka kifuani, sauti kama ngoma. Mkewe ni Bi Kalipa. Kilemba cha Bi Kalipa, dhiraa arobaini. Ndiyo, arobaini. Akigeuka kutazama nyuma, kwanza anageuka mwili, halafu kilemba kinafuata. Wanawake walikuwa wakimwona kwa mbali wanasema, "Hema linatembea." Akifika karibu wanasema, "Karibu, mama."

Vuli moja, Bi Kalipa akaacha kumwita Bi Zuura. Ghafla tu. Akawa anafunga kilemba chake mwenyewe, peke yake, mlango wa hema ameuteremsha. Watu wakashangaa. Dhiraa arobaini, peke yako? Bi Zuura akashangaa pia, lakini akanyamaza. Mmbeya akinyamaza, jueni ana sababu.

Vuli hiyohiyo Bi Kalipa akapata mkaza mwana. Mwanawe wa pekee, Eshim, alimuoa msichana wa bonde la pili, jina lake Sonun. Bi Zuura akamfunga kilemba. Binti mwenyewe mwembamba, macho makubwa, anatembea haraka. Alipendana na Eshim waziwazi. Usiku wa baridi watu walisikia wanacheka hemani mpaka mbwa wanabweka.

Sasa sikilizeni desturi ya watu wale. Mkaza mwana hasemi mbele ya bavyaa, yaani baba wa mume. Hatamki. Bavyaa akiuliza, yeye anainama. Na majina ya wakubwa wa upande wa mume hayataji, si mbele yao, si nyuma yao, si kwenye mto peke yake na samaki. Mpaka wakubwa wenyewe waseme, haya, sasa sema. Wengine huambiwa baada ya mwaka. Wengine wanazeeka wanasubiri.

Kila alfajiri Sonun alichukua kiriba chake, akaenda chemchemini kwenye matete. Maji yanasema shwaa, shwaa. Anajaza, anarudi.

Baridi ikaisha, theluji ikaanza kuyeyuka, na balaa likaingia. Farasi jike wa Mzee Beknazar akaharibu mimba. Siku ya tatu, wa pili. Siku ya tano, wa tatu. Watu waishio kwa maziwa ya farasi, hebu fikirieni! Wakaanza kutazamana. Nani kafanya nini? Nani katuletea?

Hapo ndipo Bi Batma alipofungua mdomo. Bi Batma ni jirani, mwanamke mnene mwenye pumzi fupi, hawezi kushika neno, likiingia sikioni limeshatoka mdomoni.

"Mimi nimeona," akasema. "Sitaki kusema, lakini nimeona."

"Kama hutaki, nyamaza," wakamwambia.

"Nitanyamazaje na nimeona? Alfajiri, kwenye matete. Kilemba. Cheupe. Kimelala chini, kwenye tope!"

"Cha nani?"

"Mwenyewe alikuwa ndani ya matete. Nilisikia maji, chubwi, chubwi. Nikakimbia. Mimi na mambo ya watu, wapi na wapi?"

Habari ikafika kwa Mzee Beknazar kabla chai haijachemka. Akaita wanaume, akasimama mbele ya hema lake, akapiga fimbo chini. Du!

"Mwanamke aliyelaza kilemba chake chini," akasema, "atarudishwa kwa mzazi wake. Awe nani, awe wa nani. Nimeapa."

Mkishasikia mtu anaapa na hajui anamwapia nani, kaeni mkao wa kutazama.

Basi nani huenda chemchemini alfajiri? Macho yote yakamwendea Sonun. Mzee Beknazar akamwita.

"Ni wewe?"

Sonun akainama.

"Nauliza, ni wewe?"

Akainama zaidi.

"Mnaona? Hana la kusema!"

Nawauliza ninyi, angesema nini, na kwa mdomo gani? Eshim mumewe alisimama pale, anatazama ncha za viatu vyake. Akafungua mdomo, baba yake akamwangalia, akaufunga. Na Bi Kalipa? Alikaa mlangoni na dhiraa zake arobaini, nyeupe, uso nao mweupe vilevile.

Ikaamuliwa kwamba kesho yake, siku moja kabla ya kambi kuhama kwenda malisho ya juu, Sonun atavuliwa kilemba na kupandishwa farasi, arudi kwao kichwa wazi. Na msidhani ni kurudi tu. Alikuwa na wadogo zake wanne, wote wa kike. Nani angekuja tena kuposa katika hema lile? Baba yake angekaa vipi na wanaume wenzake? Na Eshim wake, ndiyo basi tena.

Bi Zuura akasikia. Akachukua fimbo yake, kto, kto, kto, mpaka hemani kwa Sonun. Akamkuta anakunja nguo, machozi yanaingia kwenye nguo, na yeye anazikunja nayo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Acha kukunja. Nguo mbichi inaoza. Ni wewe?"

Sonun akatikisa kichwa.

"Unamjua?"

Kimya.

"Ulimwona?"

Kimya, lakini kope zikashuka.

"Mtaje basi."

Kimya kabisa. Bi Zuura akakaa chini, akakuna kidevu.

"Sikiliza. Wewe si bubu, maana usiku tunakusikia. Mimi si mwanamume, unaweza kusema nami. Ungekuwa umemwona Batma, ungesema Batma. Ungeniona mimi, ungesema wewe. Kwa hiyo ni mtu ambaye jina lake huruhusiwi kulitaja."

Machozi, to, to, to.

"Majina usiyoyataja ni mawili tu katika kambi hii. La bavyaa wako, na la mavyaa wako, mkewe." Akafikiri kidogo. "Na Beknazar havai kilemba."

Sonun akacheka katikati ya kilio, akajiziba mdomo.

"Bibi, sikusema kitu!"

"Hukusema. Mimi ndiye ninayesema, na ndivyo nilivyo, kila mtu anajua. Lakini niambie hili, maana hili si jina. Yeye alikuona?"

Sonun akaitikia kwa kichwa, polepole. "Nikageuza uso," akanong'ona. "Sikutaka aone kwamba nimeona."

Bi Zuura akainuka, fimbo kto, kto, kto, moja kwa moja kwa Mzee Beknazar.

"Beknazar, mwanangu. Mimi ndiye niliyekukata kitovu, kwa hiyo usinikunjie uso."

"Mama, kama umekuja kuombea yule binti, nimekwisha kuapa."

"Nani kaomba? Apa upendavyo. Mimi nimekuja kwa kazi yangu. Kesho kutwa tunahama. Wanawake hawahami na vilemba vya baridi yote, vimejaa moshi. Kesho waje wote hemani kwangu, wafungue, wafunge upya. Na yule binti kilemba chake ni mimi niliyekifunga, ni mimi nitakayekifungua. Wanawake wote. Mwanamume asikaribie hata kuulizia chumvi."

"Wote?"

"Wote. Mkeo kwanza, yeye ndiye mkubwa wao. Au asije, watu waulize kwa nini?"

Mzee Beknazar akakuna ndevu. "Atakuja," akasema.

Asubuhi yake wanawake wakajazana hemani kwa Bi Zuura. Joto, harufu ya maziwa, viwiko mbavuni. Bi Kalipa akaja wa mwisho, akakaa karibu na mlango kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Sonun akakaa pembeni, hakuna aliyetaka kumgusa. Bi Batma anapepea uso, anahema.

Bi Zuura akasimama katikati. "Nani anaanza?"

Hakuna.

"Basi naanza mimi."

Akashika ncha ya kilemba chake. Zungu, zungu, legea. Zungu, zungu, legea. Dhiraa kumi na mbili, zimefuliwa mpaka zinaonyesha upande wa pili. Akavua na kofia ndogo. Kichwa kikatokea. Jamani! Kichwa kama yai. Kinang'aa. Juu ya utosi nywele nne, nyeupe, zimesimama zinatazamana.

"Zilikuwa tano," akasema. "Moja iliolewa mbali."

Wanawake wakaanguka. Wengine walicheka mpaka wakashikana mabega, Bi Batma akakohoa, akapigwa mgongoni, pu, pu. "Bibi, tangu lini?" "Tangu nilipomzaa wa saba. Mume wangu alikufa hajui. Alidhani namfichia dhahabu."

Basi kicheko kikafungua mambo. Bi Batma mwenyewe akafungua, ana kovu refu la maziwa ya moto, sikio nusu limesinyaa. Mwingine ana miaka thelathini, nywele nyeupe tupu. Mwingine ana mba unaomwagika kama unga. Wakawa wanaonyeshana, wanatiana mafuta ya kondoo, wanataniana. Bi Zuura anafunga mmoja mmoja, zungu, zungu, kaza. Mkono wake haukuwa na haraka.

Wakabaki wawili. Sonun, na Bi Kalipa.

Bi Zuura hakumwita mtu. Alikaa, akanywa chai yake ya chumvi. Akanywa tena. Kelele zikapungua zenyewe, na maji ya bondeni yakasikika, shwaa, shwaa.

Bi Kalipa akainua mkono. Akashika ncha ya kilemba chake.

Dhiraa arobaini si mchezo. Zungu, zungu, legea. Kitambaa kikamjaa mapajani, kikamwagika magotini, na Bi Zuura akaanza kukikunjia mikononi mwake kisiguse chini. Zungu, zungu. Kadiri kilemba kilivyopungua, ndivyo yule mama alivyokuwa mdogo. Mwisho akavua kofia. Kichwa kikaonekana kina mabaka mabaka. Hapa nywele, hapa hakuna, hapa kijishungi kama majani yaliyosahauliwa na kondoo.

"Kumbe..." akaanza Bi Batma. Mtu akamkanyaga mguu.

"Zilianza kudondoka vuli," Bi Kalipa akasema. Hakumtazama mtu. "Mwanamke mmoja mpita njia aliniambia nioshe kichwa kwa maji ya kwenye matete kabla ya jua. Siku arobaini. Nilikiweka kilemba juu ya jiwe. Kikateleza. Sikukilaza, kiliteleza."

"Maji ya kwenye matete?" Bi Zuura akauliza.

"Ndiyo."

"Mimi niliyaoshea kichwa miaka sita. Unaniona."

Hapo hata Bi Kalipa alicheka kidogo kwa puani. Kisha akaanza kulia kweli, mabega yanaruka.

"Alikuwapo na kiriba chake," akasema. "Akageuza uso. Nami nikamwacha aulizwe mbele ya watu, nikakaa mlangoni. Ningesema nini? Beknazar ameapa. Na wangetaka kujua kilichonivua kilemba."

Bi Zuura akaweka bakuli chini. "Sikiliza, Kalipa. Mimi naweza kutoka sasa hivi nikasema kilemba kilikuwa changu. Arudishwe kwa mzazi wake, amesema. Mzazi wangu yuko kaburini miaka hamsini. Nitandikiwe farasi, nipelekwe, si mbali tena. Beknazar atanifanya nini? Lakini huyu binti atakuletea chai kila asubuhi. Na wewe utakuwa unapokea bakuli kutoka mkononi mwake, kila asubuhi. Hilo siwezi kukubebea. Amua mwenyewe. Mimi nafunga vilemba tu."

Hata Bi Batma hakupumua.

Bi Kalipa akageuka. "Sonun," akasema, "njoo unifunge."

Binti akaja. Akashika ncha ya kitambaa. Zungu, zungu, kaza. Akifika kwenye mabaka, anapitisha vidole polepole, kama anayepapasa kichwa cha mtoto mchanga. Dhiraa arobaini, fikirieni muda waliokaa.

Walipomaliza, Bi Kalipa akatoka nje. Wanaume wamekaa, farasi wa Sonun amekwisha kutandikwa, Mzee Beknazar na fimbo yake.

"Mwondoeni tandiko yule farasi," Bi Kalipa akasema. "Au mwacheni nalo, anihamishe mimi. Kilemba kilikuwa changu."

"Chako?" sauti ya ngoma ikatoka kama ya zumari. "Na kilikuwa kinafanya nini chini?"

"Kichwa kiliniwasha."

"Kilikuwasha?"

"Kichwa ni changu, Beknazar. Kiliniwasha."

Wanawake mlangoni wakaumana midomo. Mzee Beknazar akageuka huku, akageuka kule. Kiapo kinamtazama. Watu wanamtazama. Alitaka kusema jambo la kujiokoa, lakini Bi Zuura alikuwa amekwisha kufika, kto, kto, kto.

"Awe nani, awe wa nani," akasema. "Nilisikia vizuri, na masikio yangu mabovu. Arudishwe kwa mzazi wake. Baba yake Kalipa alikufa. Mama yake alikufa. Aliyebaki ni somo wake aliyemfunga kilemba cha kwanza, na huyo ni mimi. Haya, mpandisheni."

Kiapo ni kiapo. Mke wa mkubwa akapandishwa farasi. Kutoka hema lake mpaka hema la Bi Zuura, hatua thelathini. Kwatu, kwatu, kwatu, wamefika. Akateremshwa. Kambi nzima imesimama imetazama, na hakuna aliyejua kama acheke au alie.

"Na farasi wangu walioharibu mimba?" Mzee Beknazar akaita kwa mbali, kama anayetafuta pa kushika.

"Farasi wako walikula majani yenye barafu kule bondeni," Bi Zuura akajibu bila kugeuka. "Nilikwambia uwatoe mapema. Farasi hajui kilemba ni nini."

Kambi ikaacha kuhama, maana mkubwa hahami nusu. Siku ya kwanza Mzee Beknazar alipika mwenyewe. Siku ya pili mbwa alikataa. Siku ya tatu maziwa yakachacha yakavimba yakapasua kiriba, pwaa! Sonun alikuwa akimpelekea bakuli la chai, anaweka, anainama, anaondoka. Kimya kama desturi. Naye mzee akawa anamtazama yule binti anavyoondoka, na kila siku anabakiza chai zaidi.

Kule kwa Bi Zuura kila jioni mafuta ya kondoo kichwani, hadithi, kicheko. Mtauliza, nywele ziliota? Wapi! Ziliota kidogo hapa, zikadondoka kule. Lakini kichwa hakikumwasha tena.

Siku ya tisa Mzee Beknazar akaja, amechana ndevu.

"Nimekuja kumchukua mke wangu."

"Unaoa?" Bi Zuura akauliza.

"Mama, usinichezee."

"Aliyerudishwa kwa mzazi anaposwa upya. Lete bafta mpya nyeupe. Lete kondoo, mimi nina meno mawili lakini yana haki zao. Na mbele ya watu uondoe neno lako juu ya yule binti, kwa sauti ileile uliyoapia, si kwa sauti ya kuombea chumvi."

Akaleta. Watu wakaitwa. Mzee Beknazar akasimama, akapiga fimbo, lakini safari hii polepole, tu.

"Mkaza mwana wangu Sonun hana kosa," akasema. "Nilimhukumu bure. Kilemba chake kibaki kichwani pake." Halafu akamgeukia, na sauti ikashuka. "Lakini binti yangu, ulijua. Mbona hukusema?"

Sonun akainama, kama kawaida yake.

Bi Kalipa akaja akamshika kidevu, akamwinua uso. "Mwaka haujafika," akasema, "lakini mimi ndiye mavyaa wako, nasema umefika. Sema, mwanangu."

Basi Sonun akamtazama bavyaa wake, mara ya kwanza, macho kwa macho. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kambi nzima iliisikia.

"Ningesema, mngenirudisha kwa kusema. Nikanyamaza, mkataka kunirudisha kwa kunyamaza. Nikaona ninyamaze, walau mdomo upumzike."

Aliyeanza kucheka alikuwa Eshim. Akafuata Bi Batma, akapaliwa, akapigwa mgongoni. Mzee Beknazar akasimama pale na ndevu zake, akawaza, akawaza, mwisho akavua kofia yake, akajifuta kipara chake mbele ya watu wote, akasema, "Kweli."

Tangu hapo katika kambi ile mkaza mwana akiulizwa jambo, ana ruhusa ya kujibu. Na Bi Zuura alikumbukwa mpaka vizazi na vizazi. Wengine wanamkumbuka kwa hukumu yake. Wengine, na mimi ni mmoja, kwa zile nywele nne.

Ninyi nanyi mkikua, mkiwa na nyumba na watu chini yenu, mkumbuke hili: mtu uliyemziba mdomo kwa mkono wako mwenyewe, usimhukumu kwa kuwa hakusema.

Hadithi yangu imefika hapo, imekaa kitako, haitaki kuinuka. Anayetaka zaidi na aende akaulize kwa jirani. Yeye anajua ya watu kunishinda.